Hija ya Santiago wakati wa baridi: kupanda O Cebreiro au kufuata bonde la mto Sil?

Hujaji anayekwenda kwa miguu kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo, katika mji wa Santiago de Compostela ulioko kaskazini-magharibi mwa Hispania, akichagua kusafiri kati ya Desemba na Februari, hukabiliwa na swali ambalo mahujaji wa kiangazi hawalijui. Wakati wa kiangazi mtu huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, akafuata mishale ya njano ya Njia ya Kifaransa kwa kilomita 780 hivi, na kazi yake ni kutembea tu. Wakati wa baridi njia hiyo hiyo huwa kama kamba iliyokatika mahali kadhaa: huku kipito cha mlima kimefungwa kwa amri ya serikali, kule hosteli zimefungwa hadi Pasaka, na kwingine theluji imefunika mishale yenyewe. Hapo ndipo inapobidi kuunga vipande, yaani kuiacha njia moja kwenye njia panda fulani na kushika nyingine inayoingia Santiago kwa upande wake.

Ninawaandikia hasa ndugu zetu wa Afrika Mashariki na Kongo wanaosoma au kufanya kazi Ulaya, ambao likizo yao huangukia Krismasi na Mwaka Mpya. Nimefika mara mbili wakati wa baridi katika mji wa Ponferrada, njia panda ambako njia moja hupanda mlima hadi kijiji cha O Cebreiro na nyingine hufuata bonde la mto Sil. Mara ya kwanza, mwezi Desemba, nilipanda O Cebreiro peke yangu. Mara ya pili, mwezi Januari, nilifuata bonde la mto Sil pamoja na dada mmoja mwenyeji wa Bukavu anayeishi Ubelgiji, ambaye tulikutana León na tukafurahi kugundua kwamba tunaweza kusali rozari kwa lugha moja. Ninachokiamini baada ya safari hizo mbili ni kwamba njia ya kuunganisha haichaguliwi kwa jina lake wala kwa jumla ya kilomita zake. Huchaguliwa kwa urefu wa kipito, kwa saa za mwanga, na kwa uhakika wa kitanda cha usiku, na hiki cha mwisho ndicho watu husahau kukiuliza.

Kuhusu mwanga, sisi tuliozaliwa karibu na ikweta tunahitaji kuonywa mapema. Kwetu jua huchomoza saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili, Januari kama Julai. Huko Santiago, mwishoni mwa Desemba, jua huchomoza baada tu ya saa tatu asubuhi na kuzama yapata saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo mtu ana saa tisa tu za kutembea akiona anapokanyaga. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa, ambao ni mwendo wa haki kwa mwenye begi la kilo nane kwenye tope, kilomita 28 humaliza saa saba kabla hujakaa hata mara moja kunywa chai. Hesabu hiyo ndogo ndiyo iliyoniamulia mambo mengi kuliko ramani.

Mwanzoni, kwenye milima ya Pirenei

Hapa hakuna mjadala mrefu. Njia ya juu iitwayo ya Napoleon, inayopanda kutoka Saint-Jean, mji ulio mita 170 hivi juu ya usawa wa bahari, hadi kupita mita 1,400 kwenye Col de Lepoeder, hufungwa na serikali ya jimbo la Navarra kuanzia tarehe 1 Novemba hadi tarehe 31 Machi kila mwaka, na anayekaidi hujitafutia faini mbali na hatari ya kupotea katika ukungu. Inayobaki ni njia ya Valcarlos, inayovuka mlima pale Ibañeta, mita 1,057, na ambayo theluji ikizidi huachwa vijia vyake vya msituni na kufuatwa barabara ya lami. Zote mbili huishia Roncesvalles, ambako hosteli ya mahujaji hufunguliwa mwaka mzima.

Mwenye kuogopa hata Ibañeta aweza kuanzia Bayonne na kupita bonde la Baztan hadi Pamplona, kilomita 110 hivi, bila kufika mita 1,000 popote. Somport, ambako Njia ya Aragón huanzia kwenye mita zaidi ya 1,600, simshauri mtu mwezi Januari. Kama moyo umeipenda njia hiyo, aanzie chini mjini Jaca.

Kati ya León na Ponferrada

Uwanda wa Meseta, kati ya Burgos na León, hauna mlima wa kutisha, lakini uko juu, mita 800 na zaidi, na upepo wake hupenya sweta mbili. Huko hakuna njia ya kuunga ya kukuokoa. Kuna kutembea, na kuna treni. Njia panda ya kwanza ya kweli ni León.

Kutoka León njia ya San Salvador huelekea kaskazini hadi Oviedo, kilomita 120 hivi, na kuunganika na Njia ya Primitivo inayokwenda Santiago. Ina heshima kubwa: Wahispania wana msemo wa zamani kwamba aendaye kwa Santiago asipite kwa San Salvador humtembelea mtumishi akamwacha Bwana, kwa kuwa kanisa kuu la Oviedo limewekwa kwa jina la Mwokozi. Hata hivyo huvuka milima ya Cantabria kwenye zaidi ya mita 1,500, katika nyika ambako hakuna barabara ya karibu ya kukimbilia. Anayetoka juu huko akafika Oviedo bado anakabiliwa na milima ya Primitivo, ambako njia ya Hospitales hupita mita 1,200 mbali na nyumba za watu. Kwa hiyo kwa miezi ya baridi ninaiondoa kwenye ulinganisho kabisa, na ninasema hivyo kwa masikitiko kwa sababu ni njia nzuri mno ya mwezi Juni.

Anayebaki kwenye Njia ya Kifaransa hufika Astorga, na mbele yake upo Msalaba wa Chuma, Cruz de Ferro, kwenye mita 1,500 hivi, ambapo mahujaji huacha jiwe walilolibeba kutoka kwao. Hapa pana kosa ambalo nimelisikia kwa watu wengi: hudhani kwamba wakichagua Njia ya Baridi, ile inayoitwa Camino de Invierno na ambayo ndiyo hufuata bonde la Sil, wataepuka milima yote. Njia hiyo huanzia Ponferrada, na Ponferrada iko upande wa pili wa Msalaba wa Chuma. Sehemu ya juu kuliko zote hutangulia njia panda.

Zipo njia tatu za kuipita. Ya kwanza ni kusubiri siku ya anga safi katika Rabanal del Camino kisha kupanda kwa barabara ya lami, na kuteremka kwa uangalifu hadi Molinaseca, mteremko wa zaidi ya mita 900 ambao hukamua magoti. Ya pili ni kuzunguka kwa kipito cha Manzanal na Bembibre, wazo ambalo si geni: mtawa wa Kijerumani Hermann Künig, katika mwongozo wake wa mahujaji wa mwaka 1495, aliwashauri wasomaji wake waepuke Rabanal pamoja na O Cebreiro. Ya tatu ni treni kutoka Astorga hadi Ponferrada. Wapo watakaosema treni si hija. Mimi nasema mvua ya barafu kwenye mita 1,500, mtu akiwa peke yake, si hija pia, na ofisi ya mahujaji huhitaji kilomita 100 za mwisho kwa miguu ili kutoa cheti cha Compostela, kwa hiyo treni hii haikunyimi chochote.

Ponferrada: njia panda yenyewe

Mji huu wenye ngome ya mashujaa wa Hekalu (Templars), watawa-askari wa Zama za Kati, uko kwenye mita 540 tu, katika bakuli la milima liitwalo Bierzo. Kutoka hapa Njia ya Kifaransa hupita Villafranca na kupanda O Cebreiro, na kufika Santiago baada ya kilomita 205 hivi. Njia ya Baridi huelekea kusini-magharibi, hushika bonde la mto Sil, hupita Las Médulas, O Barco de Valdeorras, A Rúa, Quiroga, Monforte de Lemos, Chantada na Lalín, na kufika Santiago baada ya kilomita 263 hivi. Tofauti ni karibu kilomita 60, yaani siku mbili au tatu za majira hayo.

Tuanze na mlima. Kutoka Villafranca hadi kijiji cha O Cebreiro ni kilomita 28, nyingi zikiwa tambarare za bonde la Valcarce, lakini nane za mwisho, kuanzia Las Herrerías, hupanda mita 600 hivi hadi kufikia mita 1,300. Nilipopanda mwezi ule wa Desemba mvua iligeuka theluji kidogo juu ya La Faba, na katika muda wa nusu saa sikuona tena tofauti kati ya njia na shamba. Nilirudi nyuma hadi kwenye barabara ya lami, nikaifuata, na huko nilikuta vijiti virefu vilivyosimikwa pembeni kuonyesha ukingo na gari la kusafisha theluji likipita taratibu mbele yangu. Barabara hiyo ndiyo siri ya O Cebreiro. Mlima ni mrefu, lakini una watu wanaouhudumia, na hosteli ya umma iliyoko kileleni ilikuwa wazi, jiko la kupashia moto likiwaka, mahujaji sita tukianika soksi juu ya kiti kimoja.

Kijiji chenyewe kina uzito wa pekee kwa mhujaji wa baridi. Kanisa lake dogo la Santa María huhifadhi kikombe cha muujiza unaosimuliwa tangu Zama za Kati: mkulima alipanda katika dhoruba ya theluji ili asikilize Misa, padre akamdharau moyoni kwa kujitaabisha kwa ajili ya mkate na divai, na papo hapo mkate ukageuka mwili na divai damu. Na ni paroko wa hapo hapo, Elías Valiña, aliyeanza kuipaka njia mishale ya njano katika miaka ya 1980. Kila mshale unaoutegemea ukiwa umepotea, asili yake ni mtu aliyeishi kwenye theluji hiyo.

Njia ya Baridi ina hoja iliyo kinyume. Mabonde yake ni ya chini, mita 250 hadi 350 kwa sehemu kubwa kati ya O Barco na Monforte, ardhi ya mizabibu na mikastani, ambako theluji ni nadra na mvua ndiyo ya kawaida. Serikali ya Galicia iliitambua rasmi mwaka 2016, na ndiyo njia pekee inayogusa mikoa yote minne ya Galicia. Las Médulas, mgodi wa dhahabu wa Warumi ambao waliuchimba kwa kuubomoa mlima kwa maji, ni urithi wa dunia tangu 1997, na vilele vyake vyekundu asubuhi ya ukungu ni kitu ambacho sijakiona kifani chake. Ujue tu kwamba mwezi Agosti 2025 moto mkubwa uliunguza eneo hilo na vilima vya Valdeorras, kwa hiyo baada ya mvua nyingi uliza wenyeji kuhusu miti iliyoanguka na udongo ulioporomoka kabla ya kuingia vijia vya msituni.

Lakini jina lisikudanganye. Kwanza, si ya chini mwanzo hadi mwisho: baada ya Chantada hupanda mlima wa Faro, ambao kilele chake kina mita 1,187, karibu sana na urefu wa O Cebreiro, na huko juu hakuna kijiji cha kukupokea. Pili, vitanda vimetawanyika. Kati ya Quiroga na Monforte pana kilomita 35 hivi. Rudi kwenye hesabu yetu ya saa tisa za mwanga: kwa kilomita nne kwa saa utafika giza linaingia, hata usipopumzika. Tulianza na taa kichwani, tukafika na taa kichwani.

Tatu, na hili lilituuma, simu ni muhimu kuliko ramani. Tulifika kijiji kimoja saa kumi na moja jioni, mvua ikitunyeshea, tukakuta mlango wa nyumba ya wageni umefungwa kwa mnyororo ingawa orodha tuliyokuwa nayo ilisema iko wazi mwaka mzima. Mama mmoja aliyekuwa akikusanya kuni alituonyesha kwa mkono kwamba kuna chumba juu ya mgahawa, kilomita nne mbele. Dada yangu wa Bukavu alikaa juu ya ukuta, akakamua maji kwenye glavu zake, akaniambia, "Kaka, kesho tunapiga simu kabla ya kufunga viatu." Tangu siku hiyo ndivyo tulivyofanya, kila jioni, kwa Kihispania cha maneno ishirini, na hatukukwama tena.

Kuna jambo moja la Njia ya Baridi ambalo ningependa kila anayeichagua alijue kabla: mteremko wa Belesar, unaoshuka hadi mto Miño kabla ya kupanda kwenda Chantada. Ni njia ya mawe ya kale inayokwenda kwa konakona katikati ya mashamba ya mizabibu yaliyokatwa ngazi, na mwezi Januari mawe hayo huwa na kuvu ya kijani na majani ya mikastani yaliyooza juu yake. Kila hatua niliiweka ubavu, fimbo ikitangulia, na kipande hicho kifupi kilitula zaidi ya saa nzima. Mwenye goti bovu atumie barabara ya magari.

Kwa upande wa usalama, njia zote mbili zina mlezi wake. O Cebreiro ina lami inayosafishwa. Bonde la Sil lina reli, kwa kuwa treni ya Ponferrada hupita O Barco, A Rúa na Monforte, ingawa si nyingi kwa siku. Kwa upande wa upweke, tofauti ni kubwa. Mwaka 2024 ofisi ya mahujaji ya Santiago ilipokea karibu watu 500,000, na sehemu ndogo mno kati yao walifika katikati ya baridi. Wengi wa hao wachache wako kwenye Njia ya Kifaransa na ya Ureno. Katika Njia ya Baridi tulitembea siku tano mfululizo bila kumwona hujaji mwingine hata mmoja.

Kwa wanaotoka kusini

Anayetoka Sevilla kwa njia ya Vía de la Plata hukutana na njia panda yake huko Granja de Moreruela, kaskazini mwa Zamora: aendelee moja kwa moja hadi Astorga na kuungana na Njia ya Kifaransa, au akate magharibi kwa Njia ya Sanabria kupitia Puebla de Sanabria na Ourense. Wakati wa baridi ningekata magharibi. Sanabria nayo huvuka vipito viwili vya zaidi ya mita 1,200, Padornelo na A Canda, lakini vimekaribiana, viko jirani na barabara kuu, na vikishapitwa hali ya hewa hulainika unavyoshuka Galicia. Anayekwenda Astorga hukutana na Msalaba wa Chuma kwanza na kipito kingine tena mbele. Sanabria na Njia ya Baridi huungana karibu na Lalín, na kutoka hapo huingia Santiago kwa Ponte Ulla.

Nani achague ipi

Anayetembea peke yake kwa mara ya kwanza wakati wa baridi, asiyejua Kihispania, na asiyeweza kuongeza siku, ningemwelekeza O Cebreiro bila kusita, kwa sharti kwamba yuko tayari kungoja Villafranca siku moja au mbili theluji ikianguka. Kungoja huko hakuna aibu. Villafranca ina kanisa la Mtakatifu Yakobo lenye Mlango wa Msamaha, ambapo tangu Zama za Kati hujaji mgonjwa aliyeshindwa kuendelea alipewa msamaha ule ule ambao angeupata Santiago. Wazee wa Kanisa waliujua mlima huu na hawakumdai mtu afe juu yake.

Wawili au watatu wanaoaminiana, wenye uwezo wa kutembea kilomita 30 na siku 11 au 12 kutoka Ponferrada, na walio tayari kulipia chumba cha hoteli ndogo pale hosteli isipokuwepo, nawaambia wafuate Sil. Gharama itapanda na kimya kitakuwa kirefu. Mwenye muda mfupi sana na anayetaka tu kuepuka milima mirefu aangalie Njia ya Ureno kutoka Porto, kilomita 240 hivi, ambayo sehemu yake ya juu kabisa inazidi mita 400 kidogo tu. Atanyeshewa, lakini hatazibiwa njia.

Uamuzi wenyewe usiufanyie nyumbani. Nunua tiketi ya kurudi yenye siku tatu za akiba, fika Ponferrada, na jioni hiyo fanya mambo mawili kwa utaratibu huu: soma tahadhari ya idara ya hali ya hewa ya Hispania, AEMET, kwa ajili ya milima ya Lugo na ya Bierzo, kisha piga simu kwenye vitanda vya usiku mbili zijazo kwa kila njia. Tahadhari ikiwa ya rangi ya chungwa kwa theluji, O Cebreiro imejiondoa yenyewe. Simu za upande wa Sil zisipopokewa, nayo imejiondoa. Zote mbili zikijiondoa, hosteli ya Ponferrada ina blanketi. Sisi tulilala pale siku mbili, na asubuhi ya tatu dada yangu alifungua dirisha, akatazama upande wa O Cebreiro ambako wingu lilikuwa limekaa hadi chini, akasema, "Mimi sipandi mlima nisiouona." Tukafunga viatu, tukashika upande wa kusini kuelekea Las Médulas.